Kujaza Risasi Uwanjani: Meza Inayovumilia Kukatizwa

Uwanja wa shabaha haukuachi umalize ulichoanza. Umeshika ganda mkononi, msimamizi anatangaza kusitisha ufyatuaji, nawe unaweka chini kila kitu na kurudi nyuma ya mstari. Umeinamia mizani, mlengaji wa benchi la pili anakuja kuuliza unatumia baruti gani. Bunduki kubwa inalia hatua chache kutoka ulipo, na hata kama umeziba masikio, mkono unaruka. Anayejaza risasi zake nyumbani, yaani anayeyageuza maganda yaliyofyatuliwa kuwa risasi tena, hufunga mlango, huzima simu, hukaa mpaka kazi iishe. Uwanjani hakuna mlango wa kufunga.

Kwa hiyo nikiona mtu ametandaza vifaa vyake nyuma ya mstari wa kufyatulia, presi yake, ile mashine ya mkono ya kusukumia ganda, huja baadaye katika macho yangu. Kwanza najiuliza: huyu akiitwa sasa hivi, akaondoka kwa dakika ishirini, akirudi atajua bila kukisia kila ganda limefikia hatua gani? Akijua, meza yake ni nzuri hata kama ni ubao na jiriwa mbili. Asipojua, ana hatari mezani ambayo presi bora kuliko zote haiwezi kumwondolea. Nimebeba vifaa hivi kwenda uwanjani kwa miaka, nikabadilisha karibu kila kipande, na mabadiliko yote yaliyodumu ni yale yaliyonisaidia kujibu swali hilo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuifanya kazi hii, risasi kamili ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Kuna fataki, kile kikombe kidogo kinachokaa kwenye kitako cha ganda na kuwasha moto kikigongwa. Kuna baruti ndani. Halafu kuna kichwa cha risasi, sehemu inayoruka kwenda kwenye shabaha. Ukifyatua, fataki imekwisha, baruti imeungua, kichwa kimeondoka, lakini ganda limebaki. Ukilirudisha umbo lake, ukalipa fataki mpya, baruti na kichwa kingine, linafyatuliwa tena. Ganda zuri lisilosukumwa na shinikizo kubwa mno hurudia safari hiyo mara nyingi.

Urahisi wa jambo hili umetokana kwa sehemu kubwa na fataki aina ya Boxer, iliyobuniwa na Edward Boxer wa Uingereza katika miaka ya 1860. Ganda lake lina tundu moja la moto katikati, hivyo pini moja nyembamba ikishushwa kutoka mdomoni huisukuma nje fataki iliyokwisha. Aina ya Berdan, iliyotokana na Mmarekani Hiram Berdan miaka hiyohiyo, ina matundu madogo pembeni, na pini ya katikati haina pa kupita. Cha ajabu, ya Mwingereza ndiyo iliyotawala Marekani, na ya Mmarekani ikaenea sana Ulaya. Anayeokota maganda yaliyoachwa uwanjani achungulie ndani kwa tochi kabla ya kuyatia kwenye kalibu, kile chombo cha chuma kinacholirudisha ganda umbo lake. Pini ikisukumwa ndani ya ganda la Berdan hupinda au huvunjika, na kama hukubeba ya akiba, kazi ya siku hiyo imeishia hapo.

Kujazia risasi palepale panapofyatuliwa si mtindo wa juzi. Wawindaji wa nyati wa Marekani katika miaka ya 1870 walijaza maganda yao kambini. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal, iliyojulikana kwa koleo za kujazia ambazo mtu angeweza kuzitia kwenye mkoba na kuzitumia popote. Kampuni ya Lyman iliichukua kazi hiyo mwaka 1925. Harry Pope, fundi wa mitutu aliyeishi kati ya 1861 na 1950, alikuwa wa kizazi cha walengaji walioweza kutumia ganda moja tu siku nzima, wakilijaza tena na tena kwenye benchi, huku kichwa cha risasi wakikiingiza kwa mdomo wa mtutu. Mtu wa namna hiyo hakuwa na sanduku la risasi tayari. Alikuwa na ganda, baruti, vichwa na subira.

Warithi wao ni walengaji wa benchi, wale wanaoegemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga na kushindana kuyakusanya matundu matano mahali padogo iwezekanavyo. Kwao si lazima matundu yaangukie katikati ya shabaha. Kinachopimwa ni umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Umbali wao wa kawaida ni yadi 100 na 200, yaani mita 91 na 183 hivi. Risasi iliyowatawala kwa muda mrefu ni 6mm PPC, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970 na Louis Palmisano, daktari wa upasuaji, pamoja na Ferris Pindell, fundi wa vyuma, kutokana na ganda la .220 Russian. Walengaji hawa huja na maganda machache tu na kuyajaza kati ya raundi na raundi, siku nzima.

Sababu yao ni hewa. Asubuhi ya baridi na mchana wa jua si siku moja kwa bunduki. Baruti iliyopata joto husukuma kwa nguvu zaidi. Mtutu nao hutikisika kila unapofyatuliwa, na mlengaji hutaka kichwa cha risasi kitoke mdomoni wakati mtikisiko huo unaleta tofauti ndogo kabisa. Mwendo ukibadilika kidogo, wakati wa kutoka nao hubadilika, na matundu yaliyokuwa yamegusana yanaanza kuachana. Hapo mtu hurudi kwenye meza yake akaongeza au akapunguza sehemu ya greni. Greni moja ni gramu 0.0648, kwa hiyo tunazungumzia vipande vichache vya baruti. Aliyejaza risasi zake zote nyumbani siku iliyotangulia hana la kufanya ila kuvumilia.

Mimi sababu yangu kubwa ni nyingine: kutafuta mchanganyiko unaoifaa bunduki fulani. Ukijaza nyumbani risasi hamsini za kujaribia, ukafika uwanjani na kuona dalili za shinikizo kubwa kwenye ya tano, zilizobaki hazifai kufyatuliwa. Utazibeba kurudi nazo na kuzivunja moja moja. Ukijazia uwanjani unajaza tano, unafyatua, unasoma maganda, unaamua. Hakuna cha kuvunja.

Basi meza yenyewe. Kazi nzito kuliko zote ni kulibana ganda lirudie umbo lake. Ganda lililofyatuliwa limevimba na kuchukua umbo la chemba, yaani nafasi ndani ya bunduki ambamo risasi hukaa ikifyatuliwa, na kulirudisha ndani ya kalibu kunahitaji mkono wa presi usukumwe kwa nguvu ya kweli. Meza nyepesi ya kukunja hunyanyuka miguu. Watu wengi hupambana na jambo hili kwa kutafuta meza nzito zaidi. Mimi naona ni afadhali kuiacha kazi hiyo nyumbani. Maganda yabanwe, yasafishwe, yapimwe urefu na kukatwa shingo kwenye karakana, mahali penye benchi lililofungwa ukutani. Yakija uwanjani yawe yamebakiza hatua za mwisho tu.

Anayelazimika kubana palepale, kama walengaji wa benchi, ana njia zake. Maganda yao yamefyatuliwa mara nyingi katika chemba ileile, hivyo hubanwa kidogo sana, bega la ganda, pale linapopungua kuelekea shingoni, likirudishwa nyuma sehemu chache za mia za milimita, na presi ndogo inatosha. Kwa kupachika kichwa hutumia kalibu za mkono kama zile za kampuni ya L.E. Wilson, zinazosukumwa na presi ndogo ya kusimama ambayo haihitaji kufungwa kwa boliti. Kwa wengine, habari njema ni kwamba kalibu nyingi hufuata kipimo kimoja cha nyuzi, inchi 7/8 kwa nyuzi 14 kila inchi, kwa hiyo kalibu zako za nyumbani zitaingia kwenye presi ndogo ya safari, hata zile za kushika kwa mikono miwili bila meza yoyote.

Ukitumia presi ya kufunga, ifunge kwa boliti kwenye ubao mnene, kisha uukaze ubao huo juu ya meza kwa jiriwa mbili. Weka presi juu ya mguu wa meza, wala si katikati ya mguu na mguu, ili nguvu ishuke moja kwa moja ardhini badala ya kuupinda ubao. Nta uliyopaka ganda kabla ya kulibana ifute yote. Ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba vizuri wakati wa mlipuko, na mzigo wote unaangukia kwenye boliti ya bunduki, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Mchanga nao uogope: chembe moja iliyoganda kwenye nta itakwaruza kila ganda linalofuata, na inaweza kuiachia kalibu yenyewe alama isiyofutika. Kitambaa safi cha kutandika na kingine cha kufunika ni vifaa halali vya kazi hii kama ilivyo presi.

Sasa nifike kwenye baruti, maana hapa ndipo uwanja unapokushinda usipojipanga.

Mizani ya kielektroniki ni mali nyumbani. Nje, pumzi ya upepo isiyotikisa hata jani huitikisa sahani yake. Joto likipanda kutoka asubuhi hadi mchana, sifuri yake husogea. Umeme tuli wa faneli ya plastiki au wa shati la nailoni huivuta sahani huku na huku. Mizani ya mkono wa chuma haina umeme, lakini upepo na mtikisiko wa meza huichezesha vilevile. Wako wanaojenga sanduku la vioo la kuikinga, na sanduku zuri husaidia kweli. Bado unabaki na kifaa kinachotaka utulivu mahali pasipo na utulivu.

Walengaji wa benchi waliliona hilo zamani, ndiyo maana wengi wao hupima kwa ujazo. Kipimio chao kina tangi juu na ngoma yenye tundu chini. Ukizungusha mkono, tundu hujaa, ukirudisha, baruti humwagika. Kinafanya kazi vizuri sana katika mikono yenye mwendo mmoja usiobadilika. Ila kina tabia mbili za kujua. Baruti iliyotikiswa njiani ndani ya gari hujipanga na kushikamana, kwa hiyo ujazo uleule unabeba uzito zaidi. Kabla ya kuanza, zungusha vipimo kadhaa na uvirudishe tangini mpaka mtiririko utulie. Tabia ya pili ni mtikisiko wa uwanja wenyewe: kipimio kikikaa kwenye benchi lilelile la kufyatulia, kila mlio hukishindilia tena. Kiweke kwenye meza nyingine, na tangi lisishuke chini ya nusu.

Hata hivyo, njia ninayoipenda kuliko zote haina kipimio wala mizani uwanjani. Nyumbani napima kila kiasi cha baruti kwa utulivu, nakitia kwenye kichupa chenye kifuniko, naandika uzito juu ya kifuniko, nakipanga kwenye trei. Kila uzito una safu yake. Uwanjani kazi iliyobaki ni kufungua kichupa kimoja, kumimina, na kupachika kichwa.

Njia hii naiheshimu kwa sababu inavumilia kukatizwa. Kichupa kilichofungwa hakiulizi umeondoka kwa muda gani. Upepo haukigusi, unyevu haukigusi, na unyevu si jambo dogo: baruti iliyokauka huungua haraka kuliko ile iliyovuta maji ya hewa. Zaidi ya hayo, vichupa vinajihesabu vyenyewe. Ganda moja, kichupa kimoja. Idadi ya vichupa vitupu ikilingana na idadi ya risasi zilizokamilika, hakuna ganda lililopata baruti mara mbili na hakuna lililopitwa. Isipolingana, unasimama palepale. Wanaoikataa njia hii husema inakufunga kwenye vipimo ulivyochagua nyumbani, na ni kweli. Kwa mashindano kati ya raundi, kipimio cha ujazo kinawafaa zaidi. Kwa majaribio, kufungwa huko nakuona ni faida, kwa sababu kunazuia uamuzi wa haraka wa kuongeza kidogo tu, halafu kidogo tena.

Nieleze kwa nini hesabu hiyo ina uzito. Ganda lisilo na baruti si ganda salama. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu na kukiacha kimekwama humo. Mlio unakuwa dhaifu, mtu anadhani bunduki imegoma, anatia risasi nyingine. Risasi hiyo ya pili inakutana na mtutu uliozibwa, na hapo mtutu unaweza kupasuka. Kosa la upande wa pili, baruti mara mbili, hutegemea aina ya ganda. Maganda mengi ya bunduki ndefu hujazwa zaidi ya nusu, hivyo ukimimina mara ya pili baruti inafurika na unaiona. Ya bastola mara nyingi hayafiki nusu. Vipimo viwili huingia bila dalili na kichwa kinakaa juu yake kama kawaida. Ndiyo maana risasi za bastola sizijazi uwanjani hata siku moja, ingawa presi ingeweza.

Utaratibu wa nyumbani ni kupanga maganda kwenye kibao chenye matundu, kuyatia yote baruti, kisha kumulika tochi juu ya kibao kizima na kulinganisha kina cha baruti kabla ya kupachika vichwa. Ni utaratibu mzuri. Uwanjani naukataa. Maganda hamsini wazi yenye baruti ni maganda hamsini ya kumwagika, ya kuingiwa na mchanga, ya kutiliwa shaka ukirudi. Mimi nafanya moja moja: ganda limesimama kichwa chini kwenye kibao, maana yake halina kitu. Nalichukua, namimina kichupa, nachungulia kwa tochi, napachika kichwa, naliweka kwenye sanduku jingine. Hakuna ganda linalosimama wazi juu ya meza. Nikikatizwa katikati, ganda lililo mkononi peke yake ndilo lenye shaka, na hilo linamwagwa na kuanzwa upya bila mjadala, hata nikiwa na hakika.

Mzee aliyenionyesha kazi hii alikuwa akinyanyua kiganja cha kushoto bila kugeuza kichwa mtu akimsogelea mezani. Wageni waliona ni ukali. Alimimina, akachungulia, akapachika, akaiweka risasi sandukuni, ndipo akageuka kwa uchangamfu wote: “Haya, mwanangu, sasa nakusikiliza.” Nimeirithi ishara hiyo, na ningependa kila uwanja uifahamu. Ukimkuta mtu ameshika kichupa, subiri akuangalie yeye kwanza.

Fataki nazo zina heshima yake. Baruti ya kisasa isiyobanwa mahali huungua kwa kasi lakini hailipuki. Fataki hulipuka. Imetengenezwa ilipuke ikigongwa, na moja ikilipuka karibu na nyingine nyingi zinaweza kufuata. Zikae kwenye kifurushi chake cha awali, ambacho kimetengwa vyumba ili zisigusane, na zisimwagwe koponi wala kutiwa mfukoni. Vaa miwani kila unapoipachika. Mimi maganda yangu huja uwanjani yakiwa yameshatiwa fataki nyumbani, moja moja kwa kifaa cha mkono, kidole kikipitishwa juu ya kila kitako kuhakikisha fataki imezama kidogo chini ya usawa wake. Hilo limenipunguzia mzigo, na limeondoa kabisa kwenye meza ya uwanjani kitu kinachoogopa mshtuko kuliko vingine vyote.

Baruti ninayobeba ni ile tu itakayotumika, ya aina moja. Aina mbili za baruti juu ya meza moja ni mwaliko wa kuchanganya, na kwa macho nyingi hufanana. Anayetumia kipimio aandike jina la baruti kwenye utepe na kuubandika tangini saa ileile anayoimimina, na akimaliza airudishe kwenye kopo lake la awali. Tangi lililobaki na baruti isiyo na jina, wiki moja baadaye, halina matumizi yoyote salama. Jua pia lizingatiwe. Risasi zilizoachwa mezani mchana, au iliyosahauliwa ndani ya chemba yenye moto huku mlengaji akisubiri upepo, zitatoa shinikizo kubwa kuliko zile za kivulini, na kipimo chako kilichokuwa salama asubuhi huenda kimevuka mpaka. Boksi la povu lenye kifuniko, bila barafu, linatosha.

Mahali pa kuweka meza hupangwa na msimamizi wa uwanja, na ruhusa huombwa kabla ya kushusha vifaa garini. Viwanja vingine haviruhusu kabisa. Sheria za nchi nazo hutofautiana sana: kuna zinazotaka kibali cha kumiliki baruti na fataki tu, achilia mbali kujaza. Ukiruhusiwa, kaa nyuma ya mstari, mbali na wavuta sigara, na usikae upande wa kulia wa mtu anayefyatua bunduki inayojitia yenyewe. Maganda yake hurushwa nje yakiwa ya moto, na sitaki ganda la moto litue kwenye trei ya baruti. Chakula kikae mbali na meza. Fataki nyingi zina madini ya risasi, masizi ya ndani ya ganda yanayo, na mikono hupeleka kila kitu mdomoni. Sabuni na maji kabla ya kula.

Kipimo cha kuanzia sikiandiki hapa na sitakiandika popote. Kinatoka kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti husika, kwa kichwa husika, na unaanza chini, kisha unapanda polepole. Kinachofaa kuandikwa ni namna ya kusoma ganda likitoka. Boliti ikiwa ngumu kunyanyuka, simama. Kitako kikiwa na alama mpya ya mng’ao pale panapokaa kitoa ganda, simama. Fataki iliyolalia na kupoteza ukingo wake wa mviringo ni dalili pia, ingawa hiyo peke yake hudanganya, kwa kuwa fataki laini hulalia mapema. Hapa ndipo kujazia uwanjani kunapolipa: kipimo kinachofuata bado kiko kichupani, na kinarudi nyumbani kikiwa kichupani.

Kuna kishawishi kimoja ambacho meza ya uwanjani inakiongeza, na nakiona kwa wengi. Kwa kuwa unaweza kubadilisha mara moja, unabadilisha mara moja. Matundu matatu yanakaa karibu, mtu anasema amepata. Matatu yanayofuata yanaachana, anaongeza sehemu ya greni. Kufikia jioni ana vipimo saba na hajui lolote kuhusu hata kimoja. Matundu matatu ni machache mno. Mchanganyiko uleule, bunduki ileile, mkono uleule, utatoa kundi dogo na kundi kubwa kwa bahati tu. Upepo nao hubadilika kati ya kundi na kundi, na lawama inaangukia baruti.

Ninavyofanya ni kuchukua vipimo viwili tu vya kulinganisha na kuvifyatua kwa zamu, kimoja kwenye karatasi ya kushoto, kingine ya kulia, kushoto, kulia, mpaka kila kimoja kifikishe matundu kumi. Vikipokezana hivyo, upepo na joto la mtutu na uchovu wa bega vinavigusa vyote kwa usawa zaidi, na tofauti inayobaki ina haki ya kusikilizwa. Mara nyingi haibaki tofauti. Hapo nachagua kipimo cha chini, chenye shinikizo dogo, na ganda litadumu zaidi.

Kufunga vifaa huanza na trei. Vichupa vitupu vinahesabiwa, maganda yaliyofyatuliwa yanahesabiwa, risasi zilizobaki zinahesabiwa, na namba zinaandikwa kwenye daftari pamoja na joto la hewa na namba ya uzalishaji ya kopo la baruti. Ardhi chini ya meza inakaguliwa kama kuna baruti iliyomwagika. Risasi ambayo haina mstari wake kwenye daftari haiingii kwenye bunduki yangu wala ya mtu mwingine. Inawekwa kwenye sanduku jekundu na kuvunjwa nyumbani kwa nyundo ya kung’olea vichwa, na baruti yake haichanganywi tena na yoyote.